Mjumbe Hauawi

Wazee wetu wana neno fupi ambalo kila mtoto hulisikia mapema: mjumbe hauawi. Neno hilo husemwa mtu aletapo habari mbaya, au atumwapo kwa adui kupeleka maneno makali. Aliyetumwa hana lake. Maneno ni ya mwenyewe aliyemtuma. Katika karatasi hizi twapenda kuonyesha jinsi neno hili dogo lilivyopata kuwa sheria ya mataifa, na jinsi sheria hiyo ilivyowagharimu watu, maana si sheria nyepesi. Mara nyingine humlinda mtu mwema aliye hatarini katika nchi ya ugeni. Mara nyingine humlinda mkosaji, na yule aliyekosewa akabaki analia mlangoni. Kwa hiyo yafaa tuijue sababu yake, tusije tukaisifu pasipo kuona, wala kuilaumu kwa hasira.

Wasomaji wetu wanakijua kisa cha Hanuni, mfalme wa Waamoni, kilichoandikwa katika Kitabu cha Pili cha Samweli, mlango wa 10. Hanuni alipofiwa na baba yake, Daudi alituma watumishi wake kwenda kumpa pole. Wakuu wa Waamoni wakamshauri mfalme wao kwamba watu hao hawakuja kufariji bali kupeleleza mji. Hanuni akasadiki, akawanyoa nusu ya ndevu zao na kuzikata nguo zao, akawafukuza. Vita vikaja, na watu wengi wakafa kwa ajili ya wembe mmoja. Na tuangalie vema jambo hili. Walionyolewa ni watumishi, lakini aliyeaibishwa ni Daudi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya sheria tunayoieleza: anayemgusa mjumbe amemgusa aliyemtuma. Tena hofu ya Waamoni haikuwa ya kipumbavu kabisa, kwa kuwa wajumbe wengine hupeleleza kweli. Walakini njia ya kumwondoa mjumbe usiyemtaka ni kumrudisha kwao kwa heshima, si kumtia mkononi.

Tuje sasa katika mji wa London, mwaka 1708. Wakati ule Urusi ilikuwa katika vita vikali na Charles wa 12, mfalme wa Uswidi. Kaisari Peter wa Urusi, yule aitwaye Peter Mkuu, alikuwa amempeleka London balozi wake, jina lake Andrei Matveyev, kumwomba Malkia Anne msaada katika mambo ya vita hivyo. Balozi hakupata alilotumwa. Akaagana na Malkia, akajiweka tayari kwa safari.

Lakini alikuwa na madeni mjini. Mabalozi wa zama zile walipaswa kuishi kwa fahari, kwa kuwa watu waliupima ukuu wa mfalme kwa gari na mavazi ya mjumbe wake. Wafanya biashara waliomkopesha walipopata habari ya kuwa yu karibu kuondoka, waliogopa kwamba fedha zao zitavuka bahari pamoja naye. Kwa sheria ya Kiingereza ya siku zile, mdai aliweza kumkamatisha mdeni wake, akazuiliwa mpaka alipe au apate wadhamini. Basi tarehe 21 Julai, kwa hesabu ya kalenda ya zamani, watu waliotumwa kumkamata walilizuia gari lake njiani, wakamtoa ndani kwa nguvu. Yeye, asijue ni akina nani, alidhani ni wanyang'anyi au wauaji, akashindana nao. Wakamshinda, wakamchukua na kumzuia kwa deni la yapata pauni 50. Hakutoka mpaka walipopatikana watu wa kumdhamini. Kesho yake akapeleka malalamiko yake kwa Malkia.

Tusiwadharau wale wadai. Kwa Kaisari, pauni 50 hazikuwa kitu. Kwa mwenye duka zilikuwa mali nyingi. Walikuwa wametoa vitu vyao kwa uaminifu, nao waliitumia njia ile ile ambayo sheria ya nchi yao iliwapa juu ya mdeni ye yote. Kwa macho yao hawakumkamata Kaisari wa Warusi. Walimkamata mtu aliyetaka kwenda zake bila kulipa. Lakini kwa macho ya Kaisari, aliyeburutwa barabarani katika London ni yeye mwenyewe.

Serikali ya Malkia iliona mara moja ukubwa wa jambo hili. Wote waliohusika waliitwa mbele ya baraza la Malkia, na 17 kati yao wakatiwa kifungoni. Wengi wao wakashitakiwa mbele ya Jaji Mkuu. Wale watu 12 walioapishwa kuamua ukweli wa mambo walisema ni kweli, hawa walimkamata balozi. Ndipo likatokea swali gumu: je, kumkamata balozi kwa deni ni kosa la kuadhibiwa katika sheria ya Uingereza? Hapakuwa na sheria iliyoandikwa na Bunge juu ya neno hilo. Swali likaahirishwa lijadiliwe na majaji, wala halikukatwa kamwe.

Wakati huo Kaisari alikuwa amekasirika sana. Alidai kwamba sherifu wa Middlesex na wote walioshiriki katika tendo lile wauawe mara moja. Katika nchi yake, neno la Kaisari lilitosha kumwua mtu, wala hakuona kwa nini neno la Malkia lisitoshe vile vile. Hapo Malkia Anne alimpelekea jibu lililowashangaza watu wa Moscow. Alimjulisha kwamba hana uwezo wa kumwadhibu hata aliye mdogo kabisa katika raia zake, isipokuwa kwa adhabu iliyowekwa na sheria ya nchi. Naye anatumaini kwamba Kaisari hatashikilia jambo lisilowezekana.

Twaona ya kuwa katika jibu hilo wanyonge wawili walisimama pamoja. Mmoja ni mjumbe, ambaye katika nchi ya ugeni hana jeshi wala jamaa, ila heshima ya aliyemtuma. Wa pili ni raia mdogo wa London, tarishi au mwenye duka, ambaye mbele ya hasira ya Kaisari hana ngao ila sheria ya nchi yake. Kama Malkia angemwacha balozi aonewe, hakuna mfalme ambaye angethubutu tena kutuma mjumbe kwake. Na kama angewaua raia zake pasipo sheria ili kumpendeza mfalme mwenziwe, angaliivunja haki ya nchi yake mwenyewe.

Njia waliyoifuata ni hii. Mwaka 1709 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya. Sheria hiyo ilisema kwamba amri yo yote ya kumkamata balozi wa nchi ya kigeni, au mtumishi wa nyumbani kwake, au ya kuzitwaa mali zao, ni batili. Na ye yote atakayeomba amri hiyo au kuitekeleza amehesabiwa kuwa mvunja sheria ya mataifa, naye ataadhibiwa. Lakini Bunge halikusahau hila za watu. Lilijua kwamba wafanya biashara waliofilisika wangeweza kujiandikisha kwa balozi kama watumishi ili kuwakimbia wadai wao. Kwa hiyo sheria iliwatoa wafanya biashara wa namna hiyo katika ulinzi wake. Tena ilitaka jina la kila mtumishi wa balozi liandikwe katika ofisi ya serikali, ili wakamataji wajue ni nani asiyeguswa na ni nani mdanganyifu.

Nakala ya sheria hiyo iliandikwa kwa mwandiko mzuri wenye kupambwa, ikapelekwa kwa Kaisari pamoja na barua ya Malkia. Katika muda huo, mwaka 1709, Kaisari Peter alikuwa amemshinda Charles wa 12 katika vita vya Poltava, na jina lake limekuwa kuu katika Ulaya yote. Mwaka 1710 balozi wa Malkia, Charles Whitworth, alisimama mbele yake mjini Moscow, akaomba radhi hadharani kwa niaba ya Malkia. Alieleza kwamba adhabu iliyotakwa haikuwezekana kwa kuwa sheria ya zamani ilikuwa na upungufu, lakini sasa upungufu umezibwa kwa siku zijazo. Kaisari akaridhika, naye mwenyewe akaomba wale waliokamatwa waachiliwe. Hivyo ugomvi ulioweza kuleta uadui mkubwa ulikwisha bila mtu kufa. Sheria ile ya Malkia Anne ilidumu katika Uingereza zaidi ya miaka 250, mpaka ilipowekwa nyingine mahali pake mwaka 1964.

Hata hapa tumenena habari za wajumbe. Je, mfalme mwenyewe akija ugenini? Mataifa yalitumia mfano wa ndugu walio sawa: aliye sawa na mwenziwe hawezi kumketisha chini na kumhukumu. Mwaka 1812 Jaji Mkuu wa Marekani, John Marshall, aliieleza kanuni hii katika shauri la merikebu iitwayo Exchange. Watu wawili wa Marekani walidai kwamba merikebu hiyo ilikuwa mali yao, ikatekwa na serikali ya Napoleon, ikafanywa manowari ya Wafaransa. Ilipoingia Philadelphia waliomba mahakama iwarudishie. Marshall alisema kwamba nchi inayompokea mfalme wa kigeni, au mjumbe wake, au manowari yake, kwa amani, imekubali kimya kimya kutomweka chini ya mahakama zake. Anayekaribishwa barazani hawezi tena kufungwa na mwenye nyumba. Wale wawili wakaondoka mikono mitupu, wakaambiwa kwamba shauri lao ni la serikali na serikali.

Kuna kisa kingine kilichowafanya watu wengi wakune vichwa. Sultani Abu Bakar wa Johore, katika nchi za Wamalaya, alikaa Uingereza kwa jina la Albert Baker, kama mtu wa kawaida. Mwanamke mmoja alimshitaki, akidai kwamba bwana huyo alimwahidi ndoa, kisha akaivunja ahadi. Ndipo mahakama ilipoambiwa kwamba Albert Baker ni mfalme. Ikaulizwa Serikali, nayo ikajibu kwa barua kwamba ndivyo, Sultani wa Johore ni mtawala mwenye nchi yake. Hukumu, iliyochapwa mwaka 1894, ilisema kwamba barua hiyo yatosha. Mfalme hashitakiwi isipokuwa akikubali mwenyewe mbele ya mahakama, wala kutumia jina jingine si kukubali. Hatujui moyo wa mtu, wala mahakama haikuchungua kama ahadi ilikuwapo au haikuwapo. Hapo ndipo penye uchungu wa sheria hii: haisemi kwamba anayelindwa hana kosa, yasema tu kwamba mlango huu si wa kumwulizia.

Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki jambo lililo karibu na hili lilionekana Unguja mwaka 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, na Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la kifalme pasipo idhini ya Waingereza. Wakampa muda wa kutoka, mwisho saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Asipotoka, manowari zilipiga mizinga, na kwa muda usiotimia saa moja jumba likabomoka na watu yapata 500 wakafa au wakajeruhiwa. Khalid akakimbilia nyumba ya Balozi wa Wadachi. Nje walisimama askari wakingoja atoke wapate kumkamata. Ndani hawakuweza kuingia, maana nyumba ya balozi huhesabiwa kuwa chini ya heshima ya taifa lake. Wadachi walikataa kumtoa, wakasema kosa lake ni la mambo ya utawala, na mapatano yao na Waingereza hayawalazimishi kumtoa mtu wa namna hiyo. Hata tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa sana, mashua ya manowari ya Wadachi ilikuja mpaka penye nyumba yenyewe, Khalid akapanda bila kukanyaga ardhi ya Unguja, akapelekwa Dar es Salaam.

Wako waliofurahi kwamba Khalid ameokoka, na wako waliokasirika. Lakini ukuta ule wa nyumba ya balozi haukuwa mrefu wala mnene kuliko kuta nyingine za mji ambazo mizinga ilizibomoa. Uliokoa kwa kuwa pande mbili zilikubali kwamba usivukwe. Ulinzi huo nao haukuwa wa milele. Nguvu za Wadachi zilipoondoka, ulinzi ukaondoka nao: mwaka 1916 Waingereza walimkamata Khalid katika vita, wakamhamishia visiwa vya mbali, na baadaye wakamruhusu kurudi Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927.

Baada ya vita kuu ya pili mataifa yaliona haja ya kuiandika desturi hii mahali pamoja. Tarehe 18 Aprili 1961, katika mji wa Vienna, mapatano yalifanywa juu ya mabalozi, na karibu mataifa yote ya dunia yameyakubali. Yasema kwamba balozi hakamatwi wala hafungwi. Nyumba ya ubalozi haiingiwi pasipo ruhusa ya mkuu wake. Barua zake hazifunguliwi. Wala hashitakiwi kwa jinai katika nchi aliyopelekwa. Wengi huishia hapo katika kuyasoma. Lakini mapatano yanaendelea. Yamwamuru balozi azishike sheria za nchi anamokaa. Yasema kwamba katika mambo kama urithi wake binafsi, au biashara yake ya faragha, aweza kushitakiwa. Yasema kwamba yu chini ya mahakama za kwao. Yaruhusu nchi iliyompokea kumfukuza wakati wo wote, bila kutoa sababu. Tena yasema kwamba serikali iliyomtuma yaweza kumwondolea kinga. Angalia neno hili: ni serikali iondoayo, si yeye, kwa kuwa kinga si mali yake. Ni kama joho alilovikwa na bwana wake; siku bwana atakapolivua, yeye ni mtu kama watu.

Hata hivyo machozi hayakukoma. Tarehe 17 Aprili 1984, katika London, watu walikusanyika mbele ya ubalozi wa Libya kuipinga serikali ya nchi hiyo. Risasi zikatoka dirishani mwa ubalozi, na askari mwanamke wa polisi aliyekuwa kazini akauawa. Polisi waliizunguka nyumba siku 11. Wengi walipiga kelele kwamba mlango uvunjwe. Serikali haikuuvunja, ilivunja urafiki na Libya, na waliokuwamo wakaachwa warudi kwao. Waingereza waliogopa kwamba wakiuvunja mlango ule, watu wao walioko Libya hawatakuwa na mlango wa kujifungia. Miaka 15 ikapita kabla ya Libya, mwaka 1999, kukubali wajibu wake na kutoa fidia kwa jamaa. Ni nani awezaye kumwambia mama aliyefiwa kwamba hesabu hii ni nyepesi?

Twalinganisha na jambo la mwaka 1997 mjini Washington. Balozi mdogo kutoka nchi ya Georgia, akiendesha motokaa naye amelewa, aliwagonga watu, na msichana wa miaka 16 akafa. Angaliweza kupanda ndege akaenda zake. Lakini serikali yake ilimwondolea kinga, akasimama mbele ya hakimu kama dereva mwingine ye yote, akahukumiwa kifungo. Sheria ilikuwa moja katika mambo haya mawili. Kilichokuwa tofauti ni dhamiri ya aliyemtuma.

Mwisho tutaje shauri lililoigusa Kongo. Mwaka 2000 hakimu mmoja wa Ubelgiji alitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kongo, kwa maneno aliyoyanena mwaka 1998, yaliyosemekana kuwachochea watu kuwaua Watutsi. Kongo ikaishitaki Ubelgiji mbele ya Mahakama ya Dunia huko The Hague. Tarehe 14 Februari 2002 Mahakama ilihukumu kwamba waziri wa mambo ya nje, maadamu yumo kazini, hakamatwi na nchi nyingine, hata akituhumiwa makosa mazito mno. Ubelgiji ifute hati yake. Lakini majaji waliongeza kwamba kutoshitakiwa si kutokuwa na hatia, wakataja milango minne ya haki iliyo wazi. Aweza kuhukumiwa katika nchi yake mwenyewe. Nchi yake yaweza kumwondolea kinga. Akiisha kutoka kazini, aweza kuulizwa juu ya matendo ya kabla au ya baada ya kazi yake, na yale aliyoyafanya kwa nafsi yake. Tena ziko mahakama za mataifa ambazo zina uwezo juu yake.

Basi, tukiyakusanya mambo haya, twaona kwamba wazee walionena mjumbe hauawi hawakusema mjumbe haulizwi. Walijua kwamba asipokuwapo mtu wa kupita kati ya wanaogombana, hakuna atakayeleta neno la amani, na watakaolipa ni watoto wa pande zote mbili. Kwa hiyo walimwekea njia. Lakini walijua pia mjumbe ana kwao, na kwao kuna mwenyewe aliyemtuma. Wale wadai wa London hawakukosa kudai chao. Walikosea mlango, kwa kuwa mlango wa deni la mjumbe ni wa bwana wake. Na bwana huyo, akiona mtu wake amedhulumu ugenini, akakaa kimya na kumfunika kwa joho lake, ameiharibu njia ambayo kesho atataka mjumbe wake mwema apite.